Hodi ya Hagstetten

Mwanamke yule alifika Hagstetten Jumanne moja ya Oktoba, saa sita na robo mchana, wakati kombania ya pili imejipanga mstari mbele ya jiko la magurudumu ikisubiri dengu. Alikuwa na kitambaa cheupe kichwani, ndoo ya mbao mkononi, na furushi lililofungwa kwa kamba ya katani mgongoni. Alipita katikati ya mstari akiomba radhi kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na askari wakampisha, kila mmoja akiinua bakuli lake la bati ili asimwagikiwe. Mlinzi wa kizuizi cha barabarani alieleza baadaye kwamba hakumwona akipita. Alisema kweli. Mwanamke hakupita kizuizini.

Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba namba kumi na nne. Mbele ya mlango aliweka ndoo chini, akakwangua kiatu cha kushoto kwenye chuma kilichopigiliwa kando ya kizingiti, kisha cha kulia, mara mbili kila kimoja. Halafu akaingia.

Traugott Schmauder alikuwa wa saba kwenye mstari. Aliposikia mlio ule alijua kwamba mgeni huyu ni mwenyeji.

Nyumba namba kumi na nne ilikuwa ya kwao. Traugott alizaliwa humo, akajifunza useremala humo, na baba yake alifia humo, kwenye chumba cha upande wa magharibi. Miaka miwili kabla ya Jumanne hiyo, serikali ilikuwa imewahamisha watu wote wa Hagstetten, mia sita na kumi, ili jeshi lipate uwanja wa mazoezi. Barua ilisema ni kwa manufaa ya taifa, na kwamba mifugo isiachwe nyuma. Mama yake sasa alikaa bondeni, kwenye chumba kimoja juu ya duka la mchinja nguruwe. Traugott mwenyewe aliitwa jeshini mwezi wa Septemba, na treni ikamshusha kwenye stesheni ile ile alikopandia siku ya kuhama.

Huko nyanda za juu udongo ni wa chokaa, unanata kama gundi, na kila mlango una chuma chake. Hagstetten hakuna aliyegonga mlango kwa ngumi. Ukifika kwa mtu unakwangua viatu, na mlio huo ndio hodi. Aliye ndani akisema "Ingia tu," unaingia. Aliyeingia bila kukwangua alikuwa ama mtoza kodi, ama ng'ombe.

Sajini Häfele, mtu mnene aliyekuwa mwoka mikate huko kwao, alitumwa kuuliza. Alimkuta yule mwanamke ameshavua koti na anapaka chokaa kwenye jiko la udongo.

"Mama, una kibali?" akauliza.

Mwanamke alimpa brashi ashike, akainama kuchanganya chokaa nyingine kwenye ndoo. Häfele aliishika. Baada ya muda alirudisha brashi, akatoka, akamwambia luteni kwamba mle ndani kuna mtu anaishi.

Luteni Wessling alitoka kaskazini, mtu msafi, mwenye saa ya kupimia sekunde iliyoning'inia shingoni kwa uzi mweusi. Alifuata utaratibu. Aliandika barua makao makuu ya divisheni kuuliza kama nyumba yenye raia inaweza kutumika kwa zoezi la kuteka nyumba. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Lilisema kwamba kwa mujibu wa tangazo la serikali la mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane, Hagstetten haina raia. Zoezi liendelee. Luteni alisoma mara mbili, akaridhika.

Wakati huo divisheni ilikuwa bado inaumuka. Divisheni mpya huanza kama mkate mweusi: huchukuliwa sehemu ya donge la zamani, ikatiwa kwenye unga mbichi, na kuachwa. Theluthi moja ya watu walitoka divisheni nyingine iliyokuwa Ufaransa. Hao ndio walikuwa chachu. Unga ulikuwa wakulima, wafuma nguo na mafundi saa wa nyanda za juu. Farasi walikuja kutoka mashambani, kila mmoja na namba iliyochomwa kwenye kwato, na kwa wiki mbili za kwanza walikuwa wakigeuza vichwa kila upepo ulipotoka kwao. Jenerali alitaka alama ya kuchorwa kwenye magari ya farasi. Wakamchorea konokono wa kale aliyegeuka jiwe, kama wale ambao mkulima wa huko huwaokota kila anapolima. Watu waliona ni alama nzuri.

Zoezi la nane lilikuwa la nyumba. Lilifanywa hivi: mtu wa kwanza anapiga mlango teke, wa pili anarusha ndani bomu la mkono lenye mpini, wote wanajibanza ukutani, bomu likilia wanaingia na kupiga risasi kwenye pembe nne. Bomu kwanza, mtu baadaye. Mabomu ya mazoezi yalikuwa ya mbao, yenye baruti kidogo ya kutoa moshi. Nyumba moja ilitakiwa kuchukua sekunde kumi na moja. Kundi la Traugott lilipewa nyumba kuanzia namba kumi na mbili hadi kumi na sita, na katika namba kumi na nne, kwa kuwa aliujua mlango, yeye ndiye alikuwa mrushaji.

Mwanamke alikaa kwenye benchi la jiko wakati wa zoezi, akiinua miguu bomu lilipobingirika chini yake. Moshi ukitawanyika alichukua ufagio. Jioni alikaza bawaba.

Wiki iliyofuata walikuja mabinti zake wawili na mbuzi. Kufikia Krismasi nyumba zote arobaini na moja zilikuwa na watu: wazee waliovaa makoti ya ngozi ya kondoo, mwanamume mwenye ndevu aliyeufufua moto wa karakana ya mhunzi, mke na mume waliokaa nyumbani kwa mchungaji na kufuga nyuki. Luteni aliwaandika kwenye ramani kama samani.

Bawaba za namba kumi na nne zilipochoka kabisa, Traugott alitumwa kuzibadilisha, kwa sababu alikuwa seremala. Alikwangua viatu. Sauti ikasema, "Ingia tu," na alipovuka kizingiti akagundua kwamba anaielewa. Nje ya mlango hakuna aliyemwelewa mwanamke huyu. Ndani ya nyumba ile lugha haikuwa tatizo.

"Mlango huu mnauvunja mara ngapi kwa siku?" akauliza mwanamke. Jina lake lilikuwa Paraska.

"Thelathini, dada. Jumamosi ishirini tu, tunamaliza mapema."

"Kwenu hamna milango?"

"Huu ndio wa kwetu."

Paraska alimtazama, akatazama chuma kilichoonekana nje kupitia upenyo. "Basi ndiyo maana wewe unakwangua. Wenzako wanaingia kama maji ya mafuriko."

Traugott alipiga magoti akaanza kutoa misumari. Binti mkubwa alimshikia mshumaa wa nta. Yule mdogo alikaa chini ya meza na mbuzi.

"Umetoka wapi, dada?"

"Sijatoka. Nipo kwangu." Alielekeza kidole dirishani. "Pale ni kinamasi, pale ni reli, na kule nyuma ya miti ya mibetula ni kanisa letu."

Traugott alitazama. Yeye aliona tanuri la mikate la kijiji na ukuta wa makaburi. "Mimi naona tanuri," akasema.

"Kila mtu na dirisha lake."

Alifunga bawaba ya juu. Ilikuwa kazi nzuri, ya shaba, aliyoitoa kwenye kabati la mama yake lililobaki ghalani. Kisha akauliza alichokuwa anataka kuuliza.

"Hapa umekuja kufanya nini?"

"Kuwatazama mapema," alisema Paraska. "Nisije nikashangaa siku hiyo."

"Siku gani?"

Kwenye ubao wa kambi kulikuwa na ratiba ya mazoezi, na ratiba haikusema mazoezi ni ya nini. Paraska alimimina maziwa ya mbuzi kwenye kikombe cha udongo akampa.

"Sikuombi uache kuja," akasema. "Najua hilo haliko mikononi mwako, na mikono yako nimeshaiona. Nakuomba kitu kidogo. Siku utakapokuja kweli, piga hodi kwanza. Mtu asiingiliwe kama zizi."

"Nitapiga hodi," alisema Traugott.

"Hata kama wanakutazama?"

Alikunywa maziwa yote kabla ya kujibu. "Hata kama wananitazama, nitapiga hodi."

"Haya," alisema Paraska, akachukua kikombe akakiosha.

Februari Traugott alipata ruhusa ya siku tatu akaenda bondeni kwa mama yake. Mama yake, Rosine, alikuwa anamenya viazi kwenye gazeti, koti likiwa mabegani kwa sababu mwenye nyumba hakuruhusu moto kabla ya saa kumi na moja.

"Mama, nyumbani kuna mwanamke anaishi."

"Wa wapi?"

"Wa mashariki. Ana mabinti wawili na mbuzi."

Rosine alizungusha kiazi, ganda likashuka refu bila kukatika. "Anakwangua viatu?"

"Anakwangua."

"Basi mwache akae. Umemwambia upepo wa mashariki ukivuma jiko linarudisha moshi?"

"Sijamwambia."

"Hata kazi ndogo namna hiyo! Mwambie kile kibati cha bomba akifungue nusu, asikifungue chote. Na asitundike nguo upande wa kaskazini, zinanuka kuvu." Alichukua kiazi kingine. "Na ninyi mnaingia vipi kwake?"

Traugott alimweleza zoezi la nane. Alilieleza vizuri, kwa mpangilio, kwa kuwa alikuwa amelifanya mara nyingi. Mama yake alimsikiliza hadi mwisho.

"Kumbe nimelea ng'ombe," akasema.

"Ni zoezi tu, mama."

"Jikoni kwangu."

"Nimemwahidi nitapiga hodi."

Rosine aliweka kisu chini. Alitazama dirisha, ambalo lilitazamana na ukuta wa mchinja nguruwe. "Ukishaahidi umeahidi," akasema, akaendelea kumenya.

Jumatatu iliyofuata, zoezi la nane liliporudiwa mara ya ishirini na mbili siku hiyo, Traugott alipofika mlangoni mwa namba kumi na nne alisimama, akaweka bomu la mbao kwapani, akakwangua kiatu cha kushoto mara mbili na cha kulia mara mbili. Alitaka kujua kama mtu anaweza. Mwenzake Eugen Digel, fundi saa, kijana mrefu aliyekuwa mpiga teke, alibaki na mguu hewani.

"We Schmauder," alisema Digel, "unamsubiri akutandikie kitambaa cha meza?"

Luteni Wessling alibonyeza saa yake. Sekunde kumi na tano.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Mama yangu, Bwana Luteni."

"Mama yako anafahamu kwamba sekunde nne zinamtosha adui kuchukua bunduki?"

"Mle ndani hamna bunduki, Bwana Luteni. Mna mbuzi."

Watu walicheka. Luteni hakucheka, wala hakukasirika. Alisubiri kicheko kiishe. "Hapa ni siku tatu mahabusu," akasema. "Huko tunakokwenda, anayemwonya adui kabla ya shambulio husimamishwa ukutani akapigwa risasi. Nasema mbele ya kombania nzima ili asiwepo wa kusema hakusikia. Umesikia, Schmauder?"

"Nimesikia, Bwana Luteni."

Alikaa mahabusu siku tatu, kwenye ghala la chini ya shule aliyosomea. Mkate na maji alivipata kwa wakati. Digel alimletea soseji iliyofichwa ndani ya soksi.

"Kula, mtakatifu," alimwambia kupitia wavu. "Soksi ni safi. Karibu safi."

"Asante."

"Lakini nikuulize. Hodi yako inamsaidia nini yule mama? Ukishamaliza kukwangua, mimi napiga teke lile lile."

"Sijui."

"Basi kwa nini?"

Traugott alitafuna. "Aliniomba," akasema.

Mwezi wa Mei divisheni ilipakiwa kwenye treni: watu elfu kumi na tano, farasi elfu nne na mia nane, na magari yenye konokono. Asubuhi ya kuondoka watu wa Hagstetten walisimama milangoni kuwatazama. Hakuna aliyepunga mkono. Paraska alikuwa anaanua nguo, upande wa kusini.

Mwishoni mwa Juni walivuka mpaka. Siku ya tatu, baada ya kutembea kilomita arobaini katika vumbi, waliteka kijiji chao cha kwanza. Ramani ilikiita jina refu la kule, lakini walipotoka msituni waliona mnara wa kanisa la Hagstetten, wenye ufa ule ule upande wa saa, na chini yake tanuri la mikate, na bwawa la kunyweshea ng'ombe, na nyumba arobaini na moja. Luteni Wessling alitazama kwa darubini, akakunja ramani akaiweka mkobani.

"Zoezi la nane," akasema.

Walikichukua kwa dakika ishirini na tisa. Hakukuwa na mtu ndani. Majiko yalikuwa bado na moto. Mtu mmoja tu alipigwa, Sajini Häfele, na risasi iliyotoka upande wa kinamasi, akafa akiwa amekaa. Walimzika makaburini kando ya babu yake Traugott, kwa kuwa pale palikuwa na nafasi.

Kijiji kilichofuata, kilomita thelathini mbele, kilikuwa Hagstetten. Na kilichofuata pia. Wapishi walijua pa kuegesha jiko, na farasi walijua njia ya bwawani. Kwenye barua za nyumbani askari waliandika kwamba nchi ni kubwa lakini haichoshi, unaizoea upesi. Makao makuu ya divisheni yalipata pongezi kutoka juu kwa kasi yake ya kuteka vijiji, na jenerali alisema ni matunda ya mafunzo mazuri.

"Konokono hubeba nyumba yake mwenyewe," alisema Digel siku moja wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya namba kumi na sita, wanabanja alizeti. "Sisi tumebeba ya kina Schmauder."

"Ni nzito," alisema Traugott.

"Ungekwangua kidogo ingepungua."

Kila mara Traugott aliingia namba kumi na nne na kukuta haina mtu. Benchi lilikuwepo, chokaa ilikuwa mpya, na bawaba ya juu ilikuwa ya shaba. Kibati cha bomba kilikuwa kimefunguliwa nusu. Alikaa kidogo, kisha akatoka. Alianza kufikiri kwamba pengine ahadi nyingine hufa zenyewe, kwa kukosa wa kumtimizia, na wazo hilo lilimpa usingizi mzuri.

Septemba divisheni ilitolewa mstari wa mbele, ikapewa kazi ya kulinda reli. Jumapili mtu asiyejulikana aliilipua, karibu na kinamasi, na behewa la viatu likaanguka. Jumatatu asubuhi, saa mbili, Luteni Wessling aliikusanya kombania ya pili kwenye miti ya mibetula na kusoma amri. Kijiji kilicho karibu zaidi kisafishwe nyumba kwa nyumba. Wanaume wapelekwe bwawani. Wanaopatikana ndani wahesabiwe kuwa wamejificha. Nyumba zichomwe kuanzia mashariki, kwa ajili ya upepo. Alisoma kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma ratiba ya kufua. Kisha akauliza kama kuna swali. Mtu mmoja aliuliza kama kifungua kinywa ni kabla au baada. Ilikuwa ni baada.

Nyuma ya miti mnara wa kanisa ulionekana, wenye ufa. Mabomba yote arobaini na moja yalikuwa yanatoa moshi. Mara hii walikuwa wamo.

Digel alibeba sanduku la mabomu. Yalikuwa ya chuma.

"Sikia," alisema wakishuka barabara ya bondeni. Alisema chinichini, bila mzaha. "Leo usianze mambo yako ya viatu. Ananitazama mimi, anakutazama wewe, ana saa shingoni. Hakuna mahabusu leo."

"Najua."

"Mimi ninao watoto wawili, Traugott."

"Najua, Eugen. Wewe simama upande wa pili. Useme hukuona."

"Nitaonaje nisione? Niko hatua moja!"

"Basi sema uliona."

Kwenye lango la kwanza Digel alitazama viatu vya Traugott. "Hakuna hata matope," akasema. "Wiki tatu mvua haijanyesha. Utakwangua nini?"

Namba kumi na mbili ilichukua sekunde kumi. Namba kumi na tatu ilichukua kumi na mbili, kwa kuwa mlango ulifunguka kwa nje, jambo ambalo walikuwa wamelisahau. Katika namba kumi na tatu waliishi wale wazee wawili wafuga nyuki waliohama kutoka kwa mchungaji wakati wa baridi. Traugott aliona kofia ya wavu ya mzee imetundikwa msumarini, na baada ya bomu ilikuwa bado imetundikwa. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inaenda.

Ripoti ya siku hiyo ipo, kurasa mbili, imepigwa taipu. Inasema kijiji kilisafishwa kufikia saa nne na nusu, nyumba arobaini na moja zilichomwa, na hakuna askari aliyejeruhiwa. Siku hiyo hiyo fundi wa uwanja wa mazoezi huko nyanda za juu aliandika kwamba paa la nyumba namba kumi na nne limeanguka bila sababu, na akaomba mbao. Alipewa. Kijiji kilichofuata, ambacho divisheni ilikifikia baada ya siku tisa, kilikuwa Hagstetten kama kawaida, na kombania ya pili ilikichukua kwa dakika ishirini na saba. Jina la Traugott Schmauder limo katika ukurasa wa pili wa ripoti, chini ya kichwa cha nidhamu. Baada ya hapo halimo katika orodha yoyote ya divisheni, na kule bondeni Rosine alipokea kifurushi cha sabuni, saa ya mkononi na wembe.

Lakini saa mbili na dakika ishirini alikuwa bado amesimama mbele ya namba kumi na nne. Jua lilikuwa limefika kwenye kizingiti. Luteni Wessling alisimama katikati ya barabara, kidole kikiwa juu ya saa. Digel alikuwa amejibanza upande wa kushoto wa mlango, macho ameyafumba.

Traugott alimwekea Digel bomu miguuni. Aliegemeza bunduki ukutani, kitako chini, kama mtu anavyoegemeza koleo anapotoka shambani. Kisha akainua mguu wa kushoto akaupitisha kwenye chuma, mara mbili, taratibu. Vumbi jeupe lilimwagika. Akauinua wa kulia.

Ndani alisikia miguu mitupu ikikimbia kuelekea upande wa zizi la mbuzi. Alisikia komeo la dirisha dogo, lile ambalo baba yake alilitengeneza fupi kuliko ilivyotakiwa. Mtu mmoja mwepesi aliruka nje, kwenye shayiri.

"Schmauder," alisema luteni. "Unafanya nini?"

"Napiga hodi, Bwana Luteni."

Alikwangua tena wa kushoto. Alikwangua kisigino, akakwangua pembeni, akainama akatazama soli kama mtu anayetaka kuwa na hakika, akakwangua tena. Sekunde zilipita kumi na moja, zikapita kumi na tano. Mtu wa pili aliruka, mzito kidogo kuliko wa kwanza, na shayiri ikafanya mlio kisha ikanyamaza. Nyuma yake alisikia luteni akifungua kifuniko cha mkoba wa bastola. Akamaliza kiatu cha kulia.

Paraska hakuruka. Mtu akipigiwa hodi, lazima abaki wa kuitikia.

"Ingia tu," akasema kutoka ndani.

Traugott alivua kofia ya chuma, akaishika mkononi, akaingia.